Kijerumani cha ngazi ya kati sekondari: mambo yatakayokukabili darasani na namna ya kuyamudu

Mwaka wa kwanza wa Kijerumani huishia kwenye salamu, familia, vyakula, bei za sokoni na sentensi fupi za wakati uliopo. Darasa la kati, lile la kutoka A2 kuelekea B1 (ngazi ya pili na ya tatu kati ya sita za Ulaya, A1 hadi C2), lina sura nyingine. Mwalimu anaongea Kijerumani tangu anapoingia mlangoni, sentensi zinaanza kushikana mbili mbili na tatu tatu, na kila nomino inabadilisha kitangulizi chake (der, die au das) kulingana na kazi inayofanya. Wengi hukwama hapa, na mara nyingi chanzo ni kimoja: wanapitisha kila kitu kwenye Kiingereza kabla ya kukifikisha kwenye Kijerumani.

Mwanafunzi wa Kigoma au Tabora hana haja ya njia hiyo ndefu. Aliyekulia kwenye Kiswahili, na pengine Kiha au Kinyamwezi nyumbani, tayari anajua lugha zenye ngeli, upatanisho wa kisarufi na vitenzi vinavyobeba mzigo mzito. Kuna sehemu Kiswahili kitakuvusha moja kwa moja, na kuna sehemu kitakuangusha. Kuzijua zote mbili ni nusu ya kazi ya mwaka huu, iwe unasoma kwenye ratiba ya shule, kwenye klabu ya jioni au kwa mwalimu binafsi.

Kabla ya kipindi cha kwanza

Hakikisha mambo manne yako kichwani bila kufungua daftari: vitenzi sein, haben na werden kwa nafsi zote, vitenzi sita vya namna (können, müssen, wollen, dürfen, sollen, mögen), namba hadi 1,000, na nomino kama 300 pamoja na kitangulizi na wingi wake. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa, nalo ndilo linaloadhibu. Ukijua tu kwamba gari moshi ni Zug, hujui kitu bado. Andika der Zug, die Züge. Bandari: der Hafen, die Häfen. Meli: das Schiff, die Schiffe. Ziwa ni der See, lakini die See ni bahari, kwa hiyo anayeishi Kigoma aseme am Tanganjikasee. Akisema an der See, msikilizaji atampeleka pwani.

Tenga kaunta buku moja kwa msamiati peke yake, na kalamu za rangi tatu: bluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das. Kukisia jinsia ya nomino kunawezekana kwa kiasi fulani. Maneno yenye -ung, -heit, -keit, -schaft na -tion ni die. Yenye -chen ni das. Siku, miezi na majira ya mwaka ni der. Yaliyobaki yanakaririwa, kama mtoto anavyokariri kwamba tunasema "mti umeanguka" na si "mti ameanguka".

Kipindi chenyewe kinavyokwenda

Kwa kawaida kuna kusikiliza au kusoma kifungu kifupi, kisha maswali ya ufahamu, kisha kanuni ya sarufi inayotolewa ndani ya kifungu hichohicho, kisha mazoezi ya wawili wawili. Maelekezo utayasikia kwa Kijerumani, na yanajirudia sana: Arbeitet zu zweit (fanyeni kazi wawili wawili), Ergänzt die Sätze (kamilisheni sentensi), Kreuzt an (wekeni alama kwenye jibu), Hört noch einmal zu (sikilizeni tena). Yaandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Andika pia sentensi za kujiokoa, maana ukikaa kimya mwalimu atadhani umeelewa: Können Sie das bitte noch einmal sagen? (unaweza kusema tena, tafadhali?) Was bedeutet dieses Wort? (neno hili lina maana gani?) Wie sagt man das auf Deutsch? (hili husemwaje kwa Kijerumani?) Mwalimu anaitwa Sie, tena Herr au Frau pamoja na jina la ukoo. Kijerumani hakina shikamoo, hivyo heshima yote inabebwa na Sie hiyo. Ukimwambia mtu mzima usiyemjua du, umemvunjia heshima hata kama sauti yako ni ya upole. Vivyo hivyo kwenye kuomba: Ich will Wasser ni ukali. Unapotaka kusema "naomba maji", sema Ich hätte gern ein Wasser.

Kitenzi na mahali pake

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko pote, kwa hiyo tukae kidogo.

Katika sentensi ya kawaida kitenzi kilichonyambuliwa kinakaa nafasi ya pili, haidhuru sentensi imeanza na nini. Kesho ninakwenda Uvinza: Morgen fahre ich nach Uvinza. Kosa la kila siku ni Morgen ich fahre. Linatokea kwa sababu katika Kiswahili mtenda ameshonwa ndani ya kitenzi chenyewe (ni-na-kwenda), kwa hiyo hatujazoea kuwatenganisha wala kuwabadilishia viti. Dawa yake: ukianza na wakati au mahali, weka kitenzi mara moja kabla hujafikiria mtenda.

Viunganishi vigawe makundi matatu na uyaandike kwenye kurasa tofauti. Und, aber, oder, denn na sondern havigusi mpangilio. Weil (kwa sababu), dass, wenn, als, ob, obwohl (ingawa) na damit hupeleka kitenzi mwisho: Ich bleibe zu Hause, weil es stark regnet. Deshalb (kwa hiyo), trotzdem na dann huchukua nafasi ya kwanza zenyewe, na kitenzi hufuata papo hapo: Es regnet, deshalb bleibe ich zu Hause. Kishazi tegemezi kikitangulia, vitenzi viwili hukutana na koma katikati: Weil es stark regnet, bleibe ich zu Hause. Ukiona kitenzi, koma, kitenzi, uko salama.

Zoezi linalofanya kazi ni hili. Chukua sentensi tano za siku yako. Ziandike mara tatu: mara ya kwanza zikianza na mtenda, mara ya pili na wakati, mara ya tatu ndani ya kishazi cha weil. Fanya hivyo kila siku kwa mwezi mmoja. Mkono ndio unaojifunza mpangilio. Kukariri kanuni peke yake hakutoshi.

Neno "kama" litakusumbua, kwa sababu Kiswahili kinalitumia kwa kazi tatu ambazo Kijerumani kimezipa maneno matatu. "Sijui kama atakuja" ni ob: Ich weiß nicht, ob er kommt. "Kama mvua ikinyesha" ni wenn: Wenn es regnet. "Mrefu kama baba" ni wie: so groß wie mein Vater. Jiulize kila mara "kama" yako ni ya swali, ya sharti au ya kulinganisha.

Als na wenn, kwa upande mwingine, Kiswahili kinakusaidia. "Nilipokuwa mdogo", jambo la kipindi kimoja kilichopita, ni als: Als ich klein war. "Kila nilipokwenda Ujiji", jambo lililojirudia, ni wenn: Immer wenn ich nach Ujiji fuhr.

Wakati uliopita wa mazungumzo, Perfekt, unaundwa kwa haben au sein pamoja na umbo la Partizip II la kitenzi, kama gefahren. Sein ni ya mwendo wa kutoka mahali hadi mahali (fahren, gehen, kommen), ya kubadilika hali (aufwachen, sterben), na ya sein na bleiben zenyewe. Ich bin gestern mit dem Zug nach Tabora gefahren. Vingine karibu vyote ni haben. Vitenzi vya kutenganishwa huingiza ge katikati: ankommen, angekommen. Vinavyoanza na be-, er-, ver-, zer- au ent-, na vinavyoishia na -ieren, havichukui ge kabisa: verstanden, telefoniert. Kisha jaribu kuviweka ndani ya weil, maana mtihani unapenda hapo: weil der Zug spät angekommen ist.

Kuna mtego mmoja wa seit. "Nimejifunza Kijerumani kwa miaka miwili" na bado unaendelea: Kijerumani kinataka wakati uliopo. Ich lerne seit zwei Jahren Deutsch. Ile -me- yetu inawavuta watu kwenye Perfekt, na maana inageuka kuwa umekwisha acha.

Dativ, Akkusativ, na ile -ni ya mahali

Vitangulizi uvijue kwa mstari, kwa mpangilio wa der, die, das, wingi:

Nominativ: der, die, das, die
Akkusativ: den, die, das, die
Dativ: dem, der, dem, den (na nomino ya wingi huongezwa -n)
Genitiv: des, der, des, der

Nominativ ni mtenda, Genitiv ni mwenye kitu, na Akkusativ ni kitu kinachotendwa. Dativ kwa kawaida ni yule anayefikiwa na kitendo, na hapa kauli ya kutendea inakufungulia njia. Katika "ninamnunulia kaka daftari", yule aliyeletwa na -li- ndiye Dativ, daftari ni Akkusativ: Ich kaufe meinem Bruder ein Heft. Ukiweza kuifanya sentensi ya Kiswahili iwe ya kutendea, mara nyingi umempata wa Dativ.

Lakini kuna vitenzi vinavyodai Dativ ilhali Kiswahili hakionyeshi lolote: helfen, danken, antworten, folgen, gefallen, gehören. "Ninamsaidia baba" ni Ich helfe meinem Vater. Wengi huandika meinen Vater kwa sababu kiambishi -m- ni kilekile kwa kila mtendwa. Vikariri pamoja na mfano wake, si peke yake.

Vihusishi vya Dativ daima: aus, bei, mit, nach, seit, von, zu, gegenüber. Vya Akkusativ daima: durch, für, gegen, ohne, um. Vinavyotia watu jasho ni vile tisa vya pande mbili: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Kiswahili kinasema "niko sokoni" na "naenda sokoni" bila kubadilisha chochote kwenye -ni. Kijerumani kinatofautisha: Ich bin auf dem Markt, lakini Ich gehe auf den Markt. Swali la kujiuliza ni wo (mtu au kitu kiko wapi) au wohin (kinaelekea wapi). Wo hupewa Dativ, wohin Akkusativ. Wir schwimmen im See. Wir springen in den See.

Na vitenzi navyo vinakwenda jozi. Kitabu kimelala mezani: Das Buch liegt auf dem Tisch. Weka kitabu mezani: Leg das Buch auf den Tisch. Stehen na stellen, liegen na legen, sitzen na setzen. Ukikutana na kitenzi cha kwanza cha jozi, ni wo. Cha pili, ni wohin.

Miisho ya vivumishi itakuja karibu na katikati ya mwaka, na itaonekana kama msitu. Usianze na majedwali yote. Anza na jambo moja lenye faida kubwa: palipo na kitangulizi, kwenye Dativ, Genitiv na wingi wowote mwisho ni -en. Mit dem neuen Lehrer, in der kleinen Stadt, die alten Häuser. Hapo umekwisha kuokoa sehemu kubwa ya makosa. Halafu ongeza tofauti ya der neue Lehrer na ein neuer Lehrer.

Yeye, chake na vitu visivyo na uhai

"Yeye" yetu haina jinsia, kwa hiyo watu huchanganya er na sie hata baada ya miaka mitatu. Vitu pia vina jinsia yao: ukiulizwa Wo ist der Schlüssel?, ufunguo ni er. Er liegt auf dem Tisch. Si es.

"Kitabu chake" nayo inahitaji hatua mbili. Mwenye kitabu ndiye anayechagua shina: sein kama ni mwanamume, ihr kama ni mwanamke. Kitu kinachomilikiwa ndicho kinachochagua mwisho: sein Buch, seine Tasche, ihr Buch, ihre Tasche. Sehemu ya pili tumeizoea kutoka kwenye ngeli (kitabu chake, nyumba yake). Ya kwanza ndiyo ngeni, na ndiyo ya kufanyia mazoezi. Hapohapo programu za tafsiri kwenye simu hupotosha sana, kwa kuwa hazijui "yeye" wako ni nani na hukisia. Zitumie kutafuta neno moja. Insha iandike mwenyewe.

Unapokuwa na nguvu tayari

Mambo yanayowatisha wengine ngazi hii, mzungumzaji wa Kiswahili anayo. -Nge- ni Konjunktiv II: "ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli", Wenn ich Geld hätte, würde ich ein Fahrrad kaufen. Virejeshi: "kitabu ninachokisoma", das Buch, das ich lese, "mwalimu ambaye ninaongea naye", der Lehrer, mit dem ich spreche. Kauli ya kutendwa tunayo kwenye -w-, Kijerumani kinatumia werden. Ukitakiwa kuandaa maelezo mafupi mbele ya darasa, meli ya Liemba inakupa mada na sarufi kwa pamoja: Das Schiff wurde 1913 in Papenburg gebaut. Danach wurde es zerlegt und nach Kigoma transportiert. 1916 wurde es versenkt, 1924 wurde es gehoben. Seit 1927 heißt es Liemba. Wa Tabora wana reli, iliyofika mjini mwao mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Saa, namba na matamshi

Saa zitakukosesha mara mbili usipokuwa na utaratibu. Kwanza ongeza sita: saa mbili asubuhi ni acht Uhr. Pili, kwa nusu Wajerumani hutaja saa inayokuja. Saa mbili na nusu asubuhi ni halb neun, si halb acht wala halb zwei. Ratiba za treni hutumia saa 24: zwanzig Uhr fünfzehn ni saa mbili na robo usiku.

Namba za kuanzia 21 husomwa kutoka nyuma: 47 ni siebenundvierzig, saba na arobaini. Kwenye imla, usiandike tarakimu ya kwanza unayoisikia. Ngoja namba iishe.

Kwenye matamshi, tatizo kubwa ni silabi funge. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, hivyo Herbst hugeuka "Herbisti". Jizoeze kwa kurudi nyuma: st, bst, erbst, Herbst. Kwa ü, tamka "i" huku midomo imeviringwa kama ya "u". Kwa ö, tamka "e" kwa midomo ya "o". Konnte na könnte zina maana mbili tofauti, na mtahini atasikia. Ch ya ich hutoka ulimi ukiwa mahali pa "y" na hewa ikapulizwa bila sauti. Ile ya Buch iko karibu na kh ya "kheri". W ni "v", z ni "ts", s kabla ya irabu ni "z". Mkazo usiuweke silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea, ni ARbeiten.

Kuandika

Nomino zote zina herufi kubwa. Barua pepe kwa rafiki huanza Liebe kwa mwanamke au Lieber kwa mwanamume, halafu koma, na mstari unaofuata huanza kwa herufi ndogo. Ya rasmi ni Sehr geehrte Frau au Sehr geehrter Herr, na hufungwa kwa Mit freundlichen Grüßen bila koma. Usimwage salamu ndefu za kuulizia hali ya watu wote nyumbani, ingawa kwetu ndiyo adabu. Kwenye mtihani wa B1, barua ya rafiki ni ya maneno karibu 80, na alama ziko kwenye hoja ulizotakiwa kujibu. Kila hoja ipate walau sentensi mbili, na kila aya iwe na weil, obwohl au deshalb moja.

Nusu saa ya kila siku

Dakika 10 za msamiati, maneno nane mapya na marudio ya wiki iliyopita. Dakika 10 za kusikiliza. Dakika 10 za kuandika zile sentensi tano. Kwa kusikiliza, Deutsche Welle ina idhaa ya Kiswahili na pia habari za Kijerumani zinazosomwa taratibu kwa wanaojifunza. Soma habari kubwa ya siku kwa Kiswahili kwanza, kisha usikilize ya Kijerumani. Ukijua habari yenyewe, sikio linashika maneno. Pakua sauti za wiki nzima mara moja unapopata intaneti nzuri, bando lisikuishie katikati.

Mtihani

Mitihani ya Goethe-Zertifikat, yaani ya vyeti vya lugha ya Kijerumani, inafanyikia Goethe-Institut jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma, kwa hiyo jisajili mapema na ufike siku moja kabla. A2 ina kusoma, kusikiliza na kuandika, dakika 30 kila kimoja, na kuongea kama dakika 15. B1 ni kusoma dakika 65, kusikiliza 40, kuandika 60, na kuongea kama dakika 15 mkiwa wawili, baada ya dakika 15 za kujiandaa. Kwenye kuongea mnapanga jambo pamoja, kila mmoja anatoa maelezo mafupi ya mada, kisha mnaulizana. Maelezo hayo yana sehemu tano: mada, uzoefu wako, hali ya nchini kwako, faida na hasara, hitimisho. Kila sehemu ya B1 ina alama 100 na kufaulu ni 60. Ukianguka sehemu moja, unairudia hiyo tu.